Kicheko cha Mtu wa Shamba

Mara kwa mara walimu wenzetu na wazazi hutuuliza kama yafaa Mkristo kwenda kutazama picha za senema zilizofanywa kwa kusudi la kuchekesha. Wengine husema kicheko cha namna hiyo ni upuuzi mtupu, chawapotezea vijana wakati na kuwafunza ujanja. Wengine hujibu, La, mtu aliyechuma kahawa tangu alfajiri hata jua kuchwa ana haki ya kucheka jioni. Mabishano haya ni ya zamani, wala hayataisha leo. Lakini twaona kwamba katika kubishana hivyo swali moja kubwa limesahauliwa, nalo ni hili: anayechekwa katika picha hizo ni nani? Maana katika vichekesho vingi vya nchi yetu, tangu senema ya Kiswahili ilipokuwa changa mpaka sasa, anayechekwa ni mtu wa shamba. Basi, ndugu wasomaji, anayechekwa ni sisi.

Kwa hiyo twapenda kuzungumza juu ya filamu moja, Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa Tanganyika katika miaka ya mwanzo ya 1950, na juu ya jinsi watazamaji na wakuu wa senema walivyopokea vichekesho vya namna yake. Twaichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa filamu za mwanzo za hadithi zilizochezwa na watu wa nchi hii kwa Kiswahili. Pili, mchezaji wake mkuu alikuwa mtu wa kwetu Kusini, Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu.

Kabla ya kuipima filamu yenyewe, yafaa turudi nyuma kidogo, tuone vichekesho hivi vilitoka wapi. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, lilianzisha jaribio la kutengeneza senema kwa ajili ya Waafrika. Kazi ilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Hata jaribio lilipokwisha mwaka 1937, walikuwa wametengeneza filamu 35, nyingi zao fupi, zilizochezwa na Waafrika wenyewe. Wakazipakia katika gari pamoja na mitambo yao, wakaenda kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, na hata nchi ziitwazo leo Malawi na Zambia. Sauti haikuwa ndani ya filamu bali katika santuri, na kwa njia hiyo waliweza kubadili lugha kwa kufuata nchi waliyofika.

Mojawapo ya filamu za kwanza ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Ndani yake mtu mmoja aweka fedha zake benki, na mwenzake azifukia ardhini; mwivi akaja, akazifukua, akaenda zake. Somo lilikuwa jema, nani awezaye kulikana? Lakini angalieni jinsi kielelezo kilivyowekwa. Wawekwa watu wawili, mwenye busara na mjinga. Mwenye busara ni yule ajuaye mambo mapya yaliyokuja na Wazungu. Mjinga ni yule afanyaye kama babu yake alivyofanya. Watazamaji wafundishwa kumcheka wa pili, ili wapende kuwa kama wa kwanza. Kielelezo hicho kilishika mizizi. Kilitumika kwa mbolea, kwa dawa, kwa kunawa mikono na kwa kodi; na mwisho kikaingia katika vichekesho vilivyofanywa kwa ajili ya furaha tu.

Muhogo Mchungu ilitoka katika shina hilo hilo, ila ilikuwa na nguvu zaidi. Kati ya mwaka 1951 na 1953 Serikali ya Tanganyika iliitumia kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili zilizokusudiwa watu wa nchi hii. Pamoja na Muhogo Mchungu zilitoka nyingine, kama Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Wageni Wema. Hadithi ya Muhogo Mchungu ni nyepesi. Mtu wa shamba aja mjini. Hajui desturi za mji, amwamini kila amwonyeshaye meno, na wajanja wa mjini wamzunguka mpaka fedha zake zaondoka mikononi mwake. Hiyo ndiyo hadithi, na kila mmoja wetu aijua hata kabla ya kuiona. Watu wa Maguu waliokwenda na fedha za kahawa hata Songea au mbali zaidi wakarudi mikono mitupu wangaliweza kuisimulia bila kufundishwa na kampuni yoyote.

Sasa natutazame jinsi wakuu wa senema walivyowafikiria watazamaji. Bwana William Sellers, aliyeongoza Idara ya Filamu ya Makoloni iliyoanzishwa na Uingereza mwaka 1939, alifundisha kwamba filamu kwa Waafrika wa vijijini yapasa kwenda polepole, isiwe na mambo mengi, wala isirukeruke kutoka mahali hata mahali, maana waliaminiwa kuwa hawataweza kuifuata. Maofisa walipenda sana kusimulia habari ya mbu. Walisema kwamba wanakijiji fulani walionyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa akajaza kitambaa chote, nao wakasema, Sisi hatuna haja ya kuogopa, maana mbu wa kwetu si wakubwa namna hii. Hadithi hiyo ilisimuliwa mara nyingi sana na katika nchi nyingi, mpaka mtu aanza kujiuliza kama iliwahi kutokea hata mara moja. Sisi twaona kwamba ilipendwa kwa sababu iliwachekesha wasimulizi. Maofisa waliotengeneza filamu za kumcheka mshamba walikuwa pia na hadithi zao wenyewe za kumcheka mshamba anayetazama filamu.

Lakini iko habari nyingine iliyo na mafundisho bora. Mwaka 1961 Bwana John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, alieleza habari ya filamu moja ya usafi, na mwaka 1962 Marshall McLuhan wa Kanada akaieneza katika kitabu chake. Filamu ile ilionyesha taratibu sana jinsi bwana afya anavyoondoa maji yaliyotuama uani na kuokota makopo matupu. Walioitazama walikuwa kama watu 30. Ilipokwisha wakaulizwa, Mmeona nini? Wakajibu, Tumeona kuku. Wale mabwana wakashangaa, maana hawakujua kwamba katika filamu yao yumo kuku. Wakaipitia picha moja moja, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja tu, kuku alipita pembeni mwa picha.

Wengi waliisoma habari hiyo kama ushahidi wa ujinga. Sisi twaisoma kinyume. Ni nani hapa aliyekuwa na macho? Mwenye filamu, aliyekata na kuunga kazi yake kwa muda mrefu bila kuona kiumbe hai kilichokuwamo ndani yake, au mtazamaji aliyekiona kwa sekunde moja? Kuku kwa mtu wa kijijini si pambo. Ni mali, ni karo ya shule, ni kitoweo cha mgeni. Watu wale walitazama kwa moyo wao, wakaona kilichowahusu. Tena hatupaswi kusahau kwamba miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1929, Bwana Julian Huxley alizunguka Afrika ya Mashariki akiwaonyesha wanafunzi filamu na kuwataka waandike insha juu ya waliyoyaona. Insha zile zilimthibitishia kwamba watoto wamefahamu vema. Basi kama jambo hilo lilijulikana tangu wakati huo, waliosema kwamba mtu wa kijijini hawezi kufahamu senema hawakukosa habari, bali walikosa kusikiliza.

Tuchukue fundisho la kuku yule, turudi nalo kwa Muhogo Mchungu. Wenye kuitengeneza walitaka watu waone somo moja: mji una hatari, heri kukaa shamba. Twajua kwa nini Serikali ya wakati ule ilipenda somo hilo. Watu walikuwa wakimiminika Dar es Salaam kutafuta kazi, na Serikali ilikwisha kutunga sheria mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini wale iliowaona hawafai kukaa humo, na kuwarudisha makwao. Kichekesho kilichomwonyesha mshamba akihangaika mjini kilikuwa msaada mzuri kwa sheria kama hiyo. Lakini watazamaji, kama wale wa kuku, hawakulazimika kuona walichowekewa waone. Twaamini kwamba walicheka kwa sababu tatu nyingine, na hizo ndizo zinazoipa filamu hiyo thamani yake.

Sababu ya kwanza ni lugha. Mtu aliyezoea kuona katika kitambaa cheupe Wazungu wakipanda farasi na kusema maneno asiyoyafahamu, siku moja amwona mtu mweusi kama yeye, aliyevaa kama yeye, na asikia kinywani mwake Kiswahili. Furaha ya namna hiyo haingoji kichekesho. Mtu hucheka kama achekavyo mama anapomwona mwanawe akipanda jukwaani siku ya sikukuu ya shule. Hamcheki mtoto, acheka kwa kuwa amemtambua.

Sababu ya pili ni kwamba waliojaza majumba ya senema mjini walikuwa wengi wao watu waliotoka shamba jana au juzi. Wapagazi wa bandarini, madobi, wapishi na makarani wadogo, kila mmoja alikuwa na siku yake ya kwanza mjini, naye aliikumbuka kwa uchungu. Walipomwona mshamba akipotea katika njia za mji walijicheka wenyewe walivyokuwa. Kicheko hicho ni cha mtu aliyevuka mto wenye mamba naye sasa, akiwa ng'ambo, aweza kukumbuka hofu yake bila kutetemeka.

Sababu ya tatu ni mchezaji mwenyewe. Kawawa hakuwa mjinga aliyeokotwa njiani ili achekwe. Alikuwa kijana aliyesoma Tabora, mtumishi wa Serikali katika mambo ya maendeleo ya jamii, na kazi yake ilihusu pia kuwaonyesha watu senema. Kucheza mjinga vizuri ni kazi ya mwerevu. Hata mtoto mdogo alijua kwamba nyuma ya yule mshamba yuko mtu aliye timamu, na kwamba mshamba yule ni vazi tu. Historia nayo ikaongeza kichekesho chake. Mwaka 1956 Kawawa aliacha kazi ya Serikali akaingia katika uongozi wa chama cha wafanyakazi, na mwezi wa Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu cheo cha Waziri Mkuu, aliyepewa cheo hicho alikuwa yeye. Akawa pia Makamu wa Rais, na tena Waziri Mkuu toka mwaka 1972 hata 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Kwa hiyo yule aliyeonekana katika kitambaa akinyang'anywa fedha zake na wajanja wa mjini ndiye aliyekuja kuketi juu ya wajanja wote wa mji ule. Wahenga walikwisha kusema: Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Hata jina la filamu lastahili kufikiriwa. Ndugu zetu wa pwani ya Ziwa Nyasa, kule Liuli na Mbamba Bay, walijua vema kuliko wengi, maana muhogo pamoja na samaki ndio chakula chao. Muhogo mtamu huliwa mbichi na mtu yeyote, na nguruwe pori huufukua usiku. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, na sumu hiyo ndiyo ngome yake. Ausogeleaye kwa pupa hujuta. Lakini mama akiumenya, akauloweka siku kadhaa, akauanika juani na kuutwanga, hupata unga mweupe wa kulisha nyumba nzima. Watu wa mjini hupenda kusema, Wajinga ndio waliwao. Vema, lakini muhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Sisi twaona kwamba jina hilo, hata kama lilichaguliwa kwa kuchekesha tu, lilisema kweli juu ya watu wa shamba kuliko mengi yaliyosemwa na filamu za siku zile.

Tukiisha kuisifu, imetupasa pia kuihukumu. Kosa la Muhogo Mchungu, na la vichekesho vingi vilivyofuata, ni kwamba kicheko chote humwangukia aliyeibiwa. Mwivi huonekana hodari. Nguo zake ni safi, maneno yake ni matamu, mikono yake ni myepesi. Vijana hutoka wakimwiga yeye. Mwenye kuibiwa, ambaye kosa lake ni kumwamini jirani, hutoka akiwa kichekesho. Je, kuamini ni ujinga? Katika vijiji vyetu mtu humkabidhi jirani ufunguo wa nyumba yake, humwachia mtoto wake, humkopesha mbegu bila hati. Bila kuaminiana hivyo hakuna kijiji, wala hakuna Kanisa. Kichekesho kisemacho kwamba kuamini ni upumbavu kimekata tawi ambalo sisi sote tumelikalia.

Kosa hilo halikuisha pamoja na ukoloni. Tulipopata Uhuru tulianza kujitengenezea filamu wenyewe, na Kampuni ya Filamu Tanzania ikaanzishwa mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 ilitoa Fimbo ya Mnyonge, ambamo tena mtu maskini aenda mjini, ahangaika, kisha apata tumaini katika kijiji cha ujamaa. Njia ilikuwa ile ile, ila mtu wa shamba alipewa heshima zaidi. Baadaye zikaja picha za video, na vichekesho vikawa vingi kama kumbikumbi wakati wa mvua. Waliokuwapo wamkumbuka marehemu Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto na kufariki mwaka 2018. Mtu yule alikuwa na kipawa cha kweli. Alipocheza mzee bahili au mzee mkaidi, wazee waliokuwa wakitazama walicheka kuliko vijana, na hiyo ni alama ya mchekeshaji mwema. Lakini wako wengi wasio na kipawa, ambao njia yao ya pekee ya kuchekesha ni kumvalisha mtu nguo zilizochanika, kumpa lafudhi ya kabila fulani, na kumwangusha matopeni.

Hapo ndipo lilipo jambo linalotuchoma sisi walimu. Mtoto wa milima ya Umatengo akitazama vichekesho hivyo mwaka baada ya mwaka, hujifunza kwamba lafudhi ya mama yake ni kitu cha kuchekwa. Akienda shule ya sekondari mbali na kwao huogopa kufungua kinywa. Akiulizwa ametoka wapi husema Songea, au hutaja mji mwingine, asitaje Maguu. Tumewaona vijana wa namna hiyo, wala si wachache. Kumbe huyo anayeona haya kwa ajili ya kwao ametoka kwa watu waliolima ngoro juu ya miteremko ambayo wageni walidhani haiwezi kulimika. Mashimo yale yaliyopangwa juu ya mlima kama sega la nyuki hushika maji ya mvua, huzuia udongo usichukuliwe, na majani yanayofukiwa kando yake huwa mbolea. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja huku milimani kuichunguza kazi hiyo. Walikuja kujifunza kwa wale ambao senema huwaita washamba.

Tena, tazameni dunia ilivyogeuka. Siku hizi walaghai hawangoji mtu wa shamba ashuke garini. Hutuma maneno katika simu, Ile hela itume kwa namba hii. Na wanaoituma si watu wa kijijini peke yao. Wamo makarani, wamo wafanya biashara, wamo walimu waliosoma sana. Basi mshamba wa Muhogo Mchungu ni mtu yeyote aliyefika mahali asipopajua desturi zake, na kwa kuwa dunia hubadilika kila siku, sote tu wageni mjini. Kichekesho kitakachotuonyesha jambo hilo kitakuwa na faida kubwa.

Je, Maandiko Matakatifu yatufundisha nini juu ya kicheko? Twaona ndani yake vicheko vya namna mbili. Sara alicheka alipoambiwa kwamba atazaa katika uzee wake. Mwanzo alicheka kwa mashaka, na mwisho akacheka kwa furaha, na mwanawe akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kicheko. Kicheko hicho Mungu hakukilaani. Lakini vijana waliomcheka nabii Elisha kwa ajili ya upara wake walicheka hali ya mtu, na mwisho wao ulikuwa mbaya. Tena iko habari ya nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi. Nathani alimsimulia mfalme hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Mfalme akakasirika, akamhukumu tajiri yule, kisha akajulishwa kwamba aliyehukumiwa ni yeye mwenyewe. Kichekesho chema hufanya kazi kama Nathani. Hutupa kwanza mtu wa kumcheka, na tunapokuwa tumefungua vinywa, hutugeuzia kioo.

Papa Pius XI, katika barua yake Vigilanti Cura ya tarehe 29 Juni 1936, alikubali kwamba watu waliochoka kwa kazi wahitaji burudani, ila alitaka burudani hiyo ipatane na heshima ya mwanadamu. Basi hatuwakatazi watu wetu kucheka. Twawataka wapime kicheko chao, na kwa ajili hiyo twaleta maswali matatu ambayo kila mzazi na mwalimu aweza kuyatumia.

La kwanza: Yule anayechekwa, kama angeketi hapa kati yetu, angeweza kucheka pamoja nasi? Wazee waliomtazama King Majuto waliweza. Mtoto wa Kimatengo anayesikia lafudhi yake ikifanyiwa mzaha hawezi.

La pili: Kicheko chaanguka juu ya kosa, au juu ya hali? Uchoyo, majivuno, ulevi na uwongo ni makosa; yafaa kuchekwa, maana mwenye nayo aweza kuyaacha. Umaskini, kilema, kabila na mahali pa kuzaliwa ni hali, wala mtu hakuzichagua.

La tatu: Picha ikiisha twatoka tukimchukia mlaghai, au tukimdharau aliyeibiwa? Tukitoka tukimdharau aliyeibiwa, tumefanywa wenzi wa mwivi pasipo kujua.

Walimu wenzetu waweza kufanya jambo moja jepesi. Watoto wakiisha kutazama kichekesho, katika kibanda cha video au katika simu ya kaka yao, wasikaripiwe papo hapo. Waambiwe waandike ukurasa mmoja juu ya waliyoyaona, kama wanafunzi wale wa mwaka 1929. Mwalimu asitafute kama wameona alichotaka yeye waone. Atafute kuku, yaani kile kitu kidogo pembeni ambacho mtoto amekiona na mtengenezaji hakukiona. Humo atasikia hukumu ya kweli juu ya filamu ile. Na akikuta mtoto ameandika, Nilimwonea huruma yule mzee kwa sababu alifanana na babu, asimsahihishe kwa wino mwekundu. Amsomee insha yake darasani kwa sauti, ili wenzake nao waisikie.

Nanyi wazazi, mkisikia watoto wakicheka mbele ya picha hizo, msiwafukuze wala msiwaache peke yao. Ketini nao. Chekeni nao panapostahili, na mahali pasipostahili nyamazeni, hata waone kwamba mmenyamaza na kuuliza kwa nini. Hivyo ndivyo mama wa pwani afanyavyo na muhogo wake mchungu. Hautupi, wala hawapi watoto wake ukiwa mbichi.